Mgeni wa Kongamano na Njia ya Kusini: Maelekezo ya Mwenyeji wa Kwale

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa karibu katika kila hafla ya kufungua kongamano la Kiswahili, na aghalabu huishia pale pale jukwaani, pasipo mtu kuuliza mwenyeji mwenyewe ni nani na atapona kwa lipi. Mwaka jana, kongamano la wanafunzi wa Kiswahili kutoka vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Mashariki lilifanyika katika hoteli moja ya Diani. Kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Msambweni, na katika kamati andalizi ndimi niliyeweza kutaja vituo vya matatu kutoka Likoni hadi Lunga Lunga bila kutazama ramani, nilikabidhiwa kazi ya kuandika maelekezo ya safari kwa wageni. Ukurasa mmoja, nikaambiwa. Uwe na njia, malazi, hali ya hewa, mavazi na nambari za simu.

Makala haya yanahusu ukurasa huo: yaliyoingia, yaliyokatwa, na yale ambayo wageni waliyavumbua wenyewe pasipo kuelekezwa na mtu. Nayaandika kwa sababu makongamano yetu yanazidi kuhama kumbi za vyuo na kuingia mahotelini, na nimeanza kuamini kwamba karatasi ya maelekezo, ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ni maandishi ya kitaaluma, ina nguvu kuliko mada kuu ya kongamano. Mada kuu hutueleza tuseme nini kuhusu Kiswahili. Karatasi ya maelekezo huamua tutakutana na Kiswahili cha nani.

Tuanze na njia yenyewe, maana hiyo ndiyo haki ya kwanza ya mgeni. Barua yetu ya mwaliko iliandika "Diani, Mombasa", na mgeni aliyeisoma alidhani kwamba akishafika Mombasa amefika. Hajafika. Diani imo Kwale, kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 866,820 katika sensa ya 2019, na baina ya kisiwa cha Mvita na bara ya kusini kuna maji. Maji hayo si mapana. Ukisimama upande wa kisiwani unamwona mtu wa Likoni akifunga mwavuli wake. Hata hivyo, kwa miaka mingi yametosha kuifanya Kwale iwe nchi ya ng'ambo, ambayo watu huisifia fukwe zake na kusahau jina lake.

Reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017 humshusha msafiri wa kutoka Nairobi kituoni Miritini, nje ya kisiwa. Awali, msafiri huyo hakuwa na budi kuingia mjini, kukata kisiwa chote na kushuka hadi feri ya Likoni. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika hadi upande wa kusini mwaka 2024, ambayo hutoka Miritini, ikavuka madaraja ya Mwache na Mteza juu ya mikoko, na kutokea Kibundani katika barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Mgeni wa ndege anayeshuka katika uwanja wa Moi anaweza kupitia huko vilevile, na mwenye uwezo zaidi huruka moja kwa moja hadi uwanja mdogo wa Ukunda. Kwa wazee, wagonjwa na wenye mizigo ya vitabu, Dongo Kundu ni neema isiyo kifani.

Lakini nilipendekeza jambo ambalo baadhi ya wanakamati waliliona la ajabu. Niliandika kwamba mwanafunzi wa Kiswahili mwenye begi moja na miguu mizima apitie feri, hata kama gari la Dongo Kundu lipo. Mwenda kwa miguu havushwi kwa malipo. Husimama katika umati pamoja na wachuuzi wa korosho, wanafunzi, mafundi na akina mama waliobeba ndoo za samaki, akasikia lafudhi zote za kusini kabla hajakanyaga kusini. Hata abiria wa mabasi hushuka na kuvuka kwa miguu yao. Ukitoka upande wa Likoni, unapanda mteremko ukisukumwa kidogo na wenye haraka, na makuli wa magari wanakuimbia ramani: Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga. Hakuna mhadhara wa isimujamii unaofika hapo.

Neno lenyewe "feri" lilizua mjadala. Mwanakamati mmoja, mtetezi mkubwa wa usanifu, aliliona kuwa ni la kigeni, akaandika "kivuko" kila lilipotokea. Sikubisha sana. Siku ya kuwasili, mgeni wetu kutoka Dodoma alishuka katikati ya jiji, akamwuliza kijana wa bodaboda kivuko kiko wapi, na kijana kwa adabu zote akamwonyesha michoro myeupe ya kuvukia barabara, hatua kumi mbele yao. Mgeni alisimulia kisa hicho jioni kwa furaha kubwa. Mimi nilikitia katika daftari, kwa maana Mombasa nzima "feri" ni chombo, ni mahali, ni kituo cha magari na ni wakati pia: mtu husema alichelewa kwa sababu ya feri, wala hahitaji kuongeza neno. Na mkongwe wa Likoni akikwambia usikae karibu na ukingo, mtii. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakafa, na huku kwetu tarehe hiyo haihitaji ufafanuzi.

Wageni wa Tanzania waliokuja kwa basi walipitia Tanga na mpaka wa Horohoro. Kuanzia Tanga hadi Ukunda walikuwa wakipita katika nchi ya Wadigo, upande huu na ule wa mpaka, mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuanzisha katika mapatano yao ya 1886 kwenye mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga. Basi liliwapitisha kote huko usiku wakiwa usingizini. Walipoamka walikuwa getini pa hoteli.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Ilimchukua msafiri kutoka Likoni, ikampitisha Ng'ombeni na Waa, ikamwonyesha pale Kombani njia ya kupanda mji wa Kwale na milima ya Shimba, ikashuka Tiwi hadi Ukunda, kisha ikakataa kusimama. Ukunda ndipo wageni wote hukata kushoto kwenda baharini. Rasimu yangu ilinyoosha mbele: Gazi, Msambweni, Ramisi, njia panda ya Kanana iendayo Shimoni, hadi Lunga Lunga na Vanga. Kamati ilikata kila kitu baada ya Ukunda. Sababu iliyotolewa ilikuwa muda, na siwezi kuidharau. Siku tatu ni siku tatu. Ila kulikuwa na sababu ya pili, iliyosemwa kwa sauti ya chini, nayo ilihusu neno "kaya".

Kwa Mmijikenda, kaya ni makao ya kale ya wazee wake, msituni, mahali pa maziara na maombi. Kaya Kinondo, iliyo mwendo mfupi kutoka Diani, ni miongoni mwa misitu iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni huongozwa na mwenyeji, hufungwa kaniki, huambiwa asiseme kwa sauti ya juu, na hatoki na hata jani moja. Lakini tangu machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, yaliyopewa jina la Kaya Bombo, neno hilo limebaki masikioni mwa watu wengi wa bara likiwa na harufu ya moshi. Mwanakamati mwenzangu aliniuliza bila ubaya wowote: hivi tukiandika kaya, wageni hawataogopa? Nilimjibu kwamba sisi ni watu wa lugha, na neno lililotiwa doa hulisafisha kwa kulitumia. Kaya ikakatwa. Msikiti wa Kongo, ulioko kwenye mdomo wa mto Mwachema chini ya mibuyu, ambao ni wa kale na bado waumini wanausalia, ulipata nusu sentensi. Nafasi iliyosalia ilijazwa na maneno "fukwe nyeupe za kuvutia".

Hata hali ya hewa haikuponea. Nilikuwa nimeandika kwamba Agosti ni kusi, bahari huchafuka, mwani hujaa ufuoni, na anayetaka kwenda baharini ajiandae. Ikageuzwa kuwa "hali ya hewa ni nzuri kwa wakati wote". Sijui ni bahari gani hiyo.

Hoteli za Diani zina Kiswahili chao. Kina maneno machache na yote ni ya furaha. Tangu wimbo wa "Jambo Bwana" wa kundi la Them Mushrooms ulipotoka mwaka 1982, salamu ya mwambao imekuwa bidhaa, na mhudumu aliyefunzwa vyema humpokea kila mtu kwa "jambo", awe ni mtalii wa Ujerumani au profesa wa sintaksia. Maprofesa wetu walisalimiwa hivyo kwa siku tatu. Wengine walinuna. Mmoja, mama wa makamo kutoka Zanzibar, alifanya lililo jema zaidi: alijibu "sijambo, baba, habari za toka asubuhi?" Kijana wa mapokezi alimtazama, akacheka, na sauti yake ikabadilika papo hapo. Kumbe anatoka Kinango, ni Mduruma, na ana utani mkali. Kuanzia hapo yule mama hakukosa chai ya tangawizi.

Wenye kufika Ukunda sokoni, kilomita chache tu kutoka hotelini, walirudi na maswali mazuri kuliko yale ya ukumbini. Mmoja aliniuliza kwa nini watu wa hapa hugombana sana, kwa kuwa amesikia neno "kugomba" mara nyingi katika mazungumzo ya wauza nazi. Katika Chidigo, kugomba ni kusema, basi. Kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyochapishwa mwaka 2004 inaitwa Mgombato, nayo imo katika maktaba zetu kadhaa ikikusanya vumbi. Mswahili husema maji, Mdigo madzi. Mswahili mji, Mdigo mudzi. Lugha hizi ni ndugu wa tumbo moja, za kundi moja la Sabaki, na mgeni mwenye sikio anaweza kuifuata njia ya sauti kutoka moja hadi nyingine akiwa amekaa kitako juu ya gunia la nazi. Karatasi yetu ilimwelekeza kwenye duka la vinyago.

Sasa nieleze mambo mawili yaliyonifanya nishike kalamu.

La kwanza ni la ngoma. Kamati ilialika kikundi cha sengenya kitumbuize wakati wa chakula cha usiku. Wachezaji, wengi wao watu wazima, walifika saa kumi alasiri na ngoma na zumari yao, wakaelekezwa kungoja chini ya mwembe karibu na lango la wafanyakazi. Saa kumi na nusu, katika ukumbi uliokuwa umbali wa hatua mia moja hivi, iliwasilishwa makala kuhusu utendaji katika fasihi simulizi. Ilikuwa makala nzuri. Mtoa mada alisisitiza kwamba matini isiyo na fanani na hadhira ni mzoga. Mashine ya kuonyeshea picha ikakwama, na tukakaa karibu nusu saa tukisubiri fundi ili tuone filamu ya ngoma ya mahali pengine kabisa. Nilimwendea mwenyekiti wa kikao nikamnong'oneza kwamba mafanani wapo nje. Akaniambia hawamo katika ratiba mpaka saa mbili. Saa mbili walipewa dakika 15, nasi tukatafuna. Walipokuwa wakifunga ngoma zao, mzee aliyewaongoza aliniita.

"Mwanangu, hawa ni walimu wa nini?"

"Wa Kiswahili, babu. Na fasihi."

"Fasihi ndiyo hii yetu?"

"Ndiyo."

"Basi mbona hapana aliyeuliza kitu?"

Nilimwambia kwamba wamechoka na safari. Alikubali kwa heshima, kama mtu mzima anavyokubali neno asiloliamini.

La pili ni la Wasini. Siku ya mwisho ilikuwa ya matembezi, na kampuni moja ya watalii ilituuzia safari ya kutazama pomboo katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Tulipita Gazi bila kusimama. Hapo ndipo alipokuwa na makao Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyewapiga Waingereza mwaka 1895 kabla ya kukimbilia upande wa Wajerumani. Hapo pia ndipo wanavijiji, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, huuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko yao. Tulipita Msambweni kwetu. Nilinyoosha kidole, gari likaenda. Tulipita njia ya kuelekea Shirazi na Funzi, wanakosema Chichifundi. Shimoni tukapanda jahazi. Kusi lilikuwa limepamba, na wataalamu wetu kadhaa wa mofolojia walitapika. Pomboo walionekana wawili. Kisha tukashuka Wasini kula kaa.

Wasini ni kisiwa kisicho na gari, na wenyeji wake ni Wavumba. Kivumba ni miongoni mwa lahaja ambazo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzikariri katika orodha: Kiamu, Kimvita, Kivumba, Chichifundi, Kimtang'ata, na kuendelea. H. E. Lambert aliandika kitabu kidogo juu yake mwaka 1957, na kingine juu ya Chichifundi mwaka 1958. Baada ya hapo, katika mafunzo ya wengi wetu, lahaja hizo zimebaki majina. Wajumbe wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 walipopima ni lahaja ipi isanifishwe, ushindani uliokumbukwa ni ule wa Kimvita na Kiunguja. Kivumba, ambacho nchi yake imelala katikati ya miji hiyo miwili, hakikuwa na wakili. Hata hivyo ni nchi hiyo hiyo iliyomtoa Boukheit Amana na Malenga wa Vumba yake ya 1982. Inanipendeza kwamba watawala wa kale wa Vumba waliitwa madiwani, na kwamba kilichobaki kwenye rafu kwa jina lao ni diwani ya mashairi.

Basi watu zaidi ya 40 wa Kiswahili waliketi chini ya paa la makuti katikati ya nchi ya Kivumba, nao wakahudumiwa kwa Kiswahili sanifu chenye "jambo" na "karibu tena". Mmoja wao alikuwa amewasilisha makala juu ya lahaja siku moja kabla. Binamu yangu wa upande wa mama ndiye aliyekuwa akileta sahani za kaa. Niliingia jikoni kumsalimu, na huko, kwa kuwa tulikuwa sisi kwa sisi, tukasema kama tusemavyo nyumbani. Tulipogeuka, yule mwasilishaji alikuwa amesimama mlangoni, vidole vimejaa mafuta ya kaa, macho yamemtoka.

"Mnasema nini hapo?"

"Kivumba, mwalimu," binamu yangu akajibu kwa Kiswahili sanifu.

"Kumbe kipo?"

Sikumcheka. Swali lake lilikuwa la kweli, na ni wachache wenye ujasiri wa kuuliza swali la kweli mbele ya mwanafunzi. Nilimchukua yeye na wenzake wawili nyumbani kwa bibi yangu, mkubwa wa mama yake mzazi mama yangu, nyuma ya msikiti. Tulipiga hodi, wakamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kuwawekea mkeka. Akataka kujua wamekuja kwa ajili gani. Nikamweleza kuwa kuna mkutano mkubwa wa kuzungumzia Kiswahili.

"Kiswahili kimefanyani," akauliza, "hata mkutane?"

Kwake yeye watu hukutana kwa arusi, kwa msiba au kwa ugomvi. Wageni walicheka, lakini bibi alikuwa akingoja jibu, na hakuna aliyekuwa nalo. Hatimaye yule mwalimu alisema kwamba tunahofia kisipotee. Bibi akamwuliza kama kimepotea kwao. Ikawa kazi. Walikaa karibu saa nzima. Aliwapa hadithi moja ya sungura na mwingine wa baharini, akawasahihisha walipojaribu kuirudia, na jahazi likapuliza honi mara tatu.

Binamu yangu aliniambia baadaye jambo ambalo ningependa wahadhiri wetu walisikie. Mwanawe yuko darasa la saba. Insha zake hurudi na wino mwekundu kila anapoandika kama mama yake asemavyo, na mtoto ameanza kumsahihisha bibi. Simlaumu mwalimu wake. Mtihani ni wa sanifu, na mtoto anapaswa kuufaulu. Ila siku hiyo mtoto alipotoka madrasa alimkuta mwalimu wa chuo kikuu amekaa mkekani, daftari mapajani, akimsihi bibi arudie neno polepole. Alisimama mlangoni muda mrefu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mwenyeji alipopona, na karatasi yetu haikuwa na sehemu katika jambo hilo. Lilitokea kwa sababu ya kaa.

Kuna waliokosa hata hicho. Walimu wa Kiswahili wa shule za Msambweni na Lunga Lunga hawakuhudhuria, kwa kuwa ada ya kushiriki ilijumuisha vyakula vya hoteli ambavyo wao hawakuvihitaji. Na wapo wenyeji wengine ambao hakuna orodha ya lahaja inayowataja. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi za mashambani, waliishi vizazi kadhaa bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai uraia na serikali ikawatambua. Wapemba wa pwani hii, wavuvi ambao Kiswahili ni lugha yao ya kuzaliwa nayo, walitambuliwa mwaka 2023. Sisi tulikuwa tukijadili Kiswahili kuwa lugha ya Afrika nzima, ilhali watu walioota meno wakikisema walikuwa juzi tu wameruhusiwa kuwa raia wa nchi ambayo kwayo ni lugha ya taifa na rasmi. Makala moja juu yao ingetosha kulihalalisha kongamano zima.

Sisemi makongamano yasifanywe mahotelini. Kwale haina chuo kikuu chake yenyewe, hoteli zina kumbi, na mgeni aliyetoka Kampala anastahili kitanda kizuri na kuogelea pia. Ninachodai ni kidogo: siku moja kati ya tatu igeuzwe njia pale Ukunda, na maelekezo yake yaandikwe na mtu wa huko, kwa Kiswahili tangu mwanzo. Ukurasa wetu, niseme pasipo kuficha, uliandikwa upya kwa Kiingereza na kutafsiriwa nyuma, ndipo "fukwe nyeupe za kuvutia" zikazaliwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, iwapo utaalikwa Diani, haya ndiyo yaliyokatwa. Siku yako ya mapumziko, panda matatu ya Lunga Lunga pale Ukunda mapema, kabla jua halijawa kali. Kwa Wasini, shuka Kanana, tafuta gari la Shimoni, kisha mashua ya wenyeji inayosubiri kujaa, si ile ya watalii. Kwa Vanga, nenda hadi Lunga Lunga, hapo utapata gari la kukufikisha. Ijumaa usifike saa ya sala ukategemea kumpata mtu. Mavazi yawe ya stara, kwa wanaume na wanawake. Chukua sukari na majani ya chai, uyakabidhi kwa mwenye nyumba kabla hujafungua daftari. Usitoe simu ya kurekodi mpaka umeulizwa umetoka wapi, wazazi wako wazima, na kwenu kumenyesha. Maswali hayo huchukua muda, na majibu yake ndiyo yatakayokupa ruhusa. Ukialikwa kula, kula. Ukisahihishwa, shukuru na uandike. Magari ya kurudi hupungua alasiri, hivyo uliza mapema lipi ni la mwisho, na likikupita utapewa mkeka.